Gumba Chini ya Rangi Nyeupe

Jumatatu, 3 Machi
Habari mbaya. Kibao namba kumi na nne kimekutwa na dosari. Ijumaa kinakwanguliwa! Ndicho cha mwisho alichokipaka marehemu mke wangu. Miaka kumi na tisa alipaka vibao vya bati vya kujaribia rangi ya chombo cha anga, mimi nikiviosha. Kwa jicho, hakina neno. Lakini Macho Manne, fundi wa kamera, anasema kamera yake huona mwanga tusiouona sisi, na imeona alama ya gumba chini ya rangi. Akauliza mpakaji gani huyo, au alikuwa anakanda unga? Hakuwa na subira, mke wangu. Aligusa tabaka la kwanza kabla halijakauka, kama alivyokunywa chai ingali inafuka.

Jumanne, 4 Machi
Mpango! Nitapaka kibao kingine, nibadilishe. Ipo rangi nyeupe tuliyobakiza tulipopaka jikoni. Mimi nilishika ngazi, yeye aliimba. Nimetumia brashi yake. Nimebonyeza tabaka la kwanza kwa gumba langu, pasikosekane kitu. Ustadi!

Jumatano, 5 Machi
Nimekibadilisha wenzangu wakinywa chai. Cha kweli kiko chini ya mto wangu. Kigumu, lakini nitalala vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Macho Manne kapima tena kabla ya kukwangua. Kwa jicho, kibao changu cheupe kama maziwa. Kwenye skrini, cheusi kama kitako cha sufuria! Kumbe rangi ya ukutani hunywa mwanga ambao rangi ya anga huurudisha. Akauliza, watu wote wakisikia, marehemu amefufuka lini, tena na gumba la kiume? Nikasema labda ni vumbi. Hata mimi sikuyaamini maneno yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kaniita. Nikakitoa kibao cha kweli kwenye mfuko. Machozi nayo yakatoka, bila kuitwa. Akasema, baba, bati tunalo tele, ungeomba tu ningekupa. Akanirudishia. Macho Manne kanichapishia picha ya gumba, akanong'ona: pole, mzee wangu. Nimeapa. Kuanzia leo naomba kwanza.

Jumatatu, 10 Machi
Aproni yake bado imetundikwa chumba cha rangi! Kuomba mara mbili kwa mtu yuleyule ni aibu. Nimenunua inayofanana nayo, nikainyunyizia rangi ya jikoni. Kesho, saa ya chai. Kamera ile haipimi nguo. Nadhani.