Mikorosho Sitini ya Mjomba Optatus

Jumatatu, 7 Julai
Nimetukanwa! Mjomba Optatus anaandika wosia. Kwa wakili! Masasi! Mzee anapulizia dawa ya salfa mikorosho yake mwenyewe bila hata kukohoa, leo anapanga mambo ya kufa na mtu baki mwenye muhuri. Na mimi nimeambiwa na nani? Na jirani! Mimi, mtoto wa dada yake! Hapa Mkunya tangu zamani mali ya mjomba ilijua yenyewe njia ya kwenda kwa mpwa. Hii ni kazi ya Dickson, mwanawe. Anaitaka ile mikorosho sitini ya bondeni, ambayo nimeipogoa tangu nina miaka kumi na miwili. Naijua mti kwa mti. Ikienda kwa Dickson nitaugua.

Jumanne, 8 Julai
Nimekwenda kumwamkia Mjomba. Shikamoo mara mbili, na sukari kilo moja. Nikauliza kwa mbali bondeni amemwandikia nani. Akasema atakayejua atajua yeye akishakufa. Haya! Ila amesema wakili anataka mashahidi wawili, mmoja wa nje, mmoja wa ukoo. Wa nje amepatikana, Mwalimu Ashiru. Wa ukoo alimwomba Dickson, Dickson akakataa. Amekataa! Shahidi si anakaa mezani, karatasi chini ya pua yake? Nikajitolea papo hapo. Mjomba akauliza kama nina hakika. Nikasema kabisa. Akasema sawa.

Mke wangu Dominika anasema Dickson lazima ana sababu. Nimemjibu sababu ni upumbavu.

Alhamisi, 10 Julai
Masasi. Tumeacha baridi ya Mkunya huko juu, tumekuta joto na pikipiki. Wakili Julia ni binti mdogo, ameniamkia vizuri. Halafu akanivunjia heshima! Mbele ya Mwalimu Ashiru akauliza kama natarajia kupata chochote katika wosia huu. Nikauona mtego. Wanapima tamaa! Nikasema mimi sihitaji hata korosho moja. Akauliza tena, akaeleza mambo ya sheria, marefu. Sikuyasikiliza, nilikuwa nasoma karatasi yake kichwa chini, kutoka upande wa pili wa meza. Nikapata "mikorosho sitini". Pembeni yake jina linaloanza na S. Selestini! Mimi! Nikakaa vizuri kwenye kiti.

Akanitaka niandike kwa mkono wangu kwamba mimi si mrithi na sidai kitu. Nikaandika, tena kwa ule mwandiko wangu uliosifiwa shuleni. Mjomba akanitazama sana. Akamnong'oneza wakili abadilishe kipengele kimoja. Karatasi mpya ikachapwa, Mjomba akasaini, tukasaini mashahidi. Muhuri. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napiga mluzi.

Ijumaa, 11 Julai
Siwezi kuandika vizuri. Kalamu imetoboa karatasi kwa hasira.

Nilikwenda kumshukuru Mjomba, kwa mafumbo. Akaweka kikombe chini. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Selestini, ile sitini ilikuwa yako. Nilikuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyeipogoa. Lakini shahidi wa wosia harithi, na wakili amekueleza mara mbili. Ukasema hutaki, ukaandika. Nikampa Esther."

Esther! Mjukuu wake yatima, ana miaka tisa, hafiki hata kwenye tawi la kwanza la mkorosho. Na mlezi wake, atakayeitunza mikorosho hiyo mpaka mtoto akue? Dickson! Ndiyo maana alikataa ushahidi. Alijua kwamba shahidi harithi, akanyamaza. Huyo si ndugu.

Nikamwomba Mjomba aandike upya. Akasema angeweza, lakini hamnyang'anyi yatima alichokwisha kumpa. Nikasema hata mimi ni yatima. Akaniuliza nina miaka mingapi. Arobaini na saba! Kwani yatima ana umri?

Jioni nilishuka bondeni peke yangu. Nikaugusa mkorosho wa kwanza niliopogoa, uliokatwa vibaya upande mmoja kwa sababu nilikuwa mtoto. Mjomba alikuwa amenikumbuka kumbe. Iliniuma sana.

Jumamosi, 12 Julai
Dickson amekuja kuomba nimfundishe kupogoa ile ya bondeni. Nimemfukuza. Dominika amemwita, amempa chai. Nyumbani kwangu!

Jumapili, 13 Julai
Habari njema baada ya misa! Mjomba Lameck wa Lukuledi, mdogo wake Mjomba Optatus, naye anataka kuandika wosia. Ana mikorosho mia moja na ishirini na hana mtoto. Anatafuta shahidi wa ukoo. Nimempigia simu kabla hajampata mwingine. Amekubali.

Dominika ameniuliza kama nina akili timamu. Hajui kwamba nimekaa siku mbili nikifikiri, na kosa langu nimeligundua. Nilikaa upande mbaya wa meza, ndiyo maana nilisoma kichwa chini. Lukuledi nitakaa upande wa wakili.