Sakafu ya Kiplagat Imekataa Kuvunjika

Leo nimeumbuka. Gharama: suruali moja ya kanisani, kisigino kimoja, na heshima yote niliyokuwa nayo hapa Kapsoit (haikuwa nyingi).

Mnalijua lile duka la zamani la ghorofa? Lilipokuwa limejaa popo, mimi ndiye niliyeonyeshwa kwanza. Nikavuta bei chini mpaka mwenyewe akachoka, akamuuzia jirani yangu Kiplagat. Miaka mitatu amelikarabati. Chini duka, juu nyumba ya vyumba vitatu na balkoni inayotazama majani chai mpaka macho yachoke. Sasa analiuza. Jamani, sijalala vizuri tangu abandike lile tangazo.

Leo amekuja mnunuzi, Mama Chelimo, muuza mahindi kutoka Sigor. Nami nikajialika. Nia yangu? Kiplagat auze kwa hasara. Ama asiuze kabisa.

Ngazi ni kumi na saba (nimehesabu mara mbili). Kila moja nimeitolea kasoro, Kiplagat mwenyewe akitutangulia na kusikia. Mama akaanza kusita. Moyo wangu ukachangamka!

"Mbao ni za zamani hizi, mama," nikamwambia tulipofika juu. "Ukiweka gunia hapa, litafika dukani kabla yako."

"Kweli?"

"Ngoja nikuonyeshe."

Nikaruka. Kilo mia moja na kumi. Kimya. Nikaruka tena. Hata vumbi halikutoka! Mara ya tatu nikaruka kwa uchungu wa miaka mitatu. Kisigino kikalia, na suruali ikapasuka nyuma yote.

Mama akacheka mpaka akashika ukuta (ukuta nao haukutikisika). "Kiplagat, sakafu ikibeba huyu, mahindi yangu ni nini? Nachukua. Bei ni hiyo hiyo."

Hata hakuomba apunguziwe! Hiyo iliniuma kuliko kisigino.

Kiplagat akanitazama kwa upole mbaya sana. "Lakini hatuwezi kufunga jambo bila maombi. Jirani, wewe ndiye mkubwa hapa. Tuombee."

Ungekataaje? Nikasimama, mkono mmoja juu, mwingine umeshika suruali nyuma, nikabariki jengo, mnunuzi, na Kiplagat kwa jina. Nikaomba hata aongezewe! Wakaitikia amina kwa nguvu.

Sasa wenzangu, msicheke, nipeni ushauri. Aliyemshawishi mnunuzi ni mimi, na mashahidi wapo. Nikidai kamisheni kwa Kiplagat, naanzaje?