Uzinduzi wa Mtambo wa Amidi Usioacha Taka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kupata udhuru. Waheshimiwa wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na wasaidizi wa makaimu. Wataalamu wa kemia. Na ninyi majirani mliohamishwa kupisha ujenzi: itifaki imezingatiwa. (Makofi, viti vya mbele.)

Ndugu zangu, amidi ndiyo iliyomo kwenye vidonge vya maumivu na kwenye nailoni ya soksi zenu. Kiwanda chetu cha zamani kiliunganisha asidi na kemikali iitwayo amini kwa kumwagia makemikali mengine, na kila pipa la amidi likaacha mapipa ya uchafu yaliyoishia kwenye mtaro wenu. Ninyi mliwashwa macho. Mimi huko ofisini niliumia kwa niaba yenu. (Mtu anakohoa.) Ndipo kupitia mkakati jumuishi wa mageuzi ya kiteknolojia tukaamua kutumia kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuisha, sifa ambayo wenzangu husema ninayo, na taka pekee itakayobaki ni maji. Upembuzi yakinifu umeonyesha uchafu umepungua kwa asilimia tisini na saba kabla hata ya kuwasha. (Makofi.)

(Fundi cherehani aliyeshona pazia la uzinduzi anasimama.) "Samahani mheshimiwa. Mama mkwe wangu alibomolewa nyumba apishe huo mtambo. Sasa analala sebuleni kwangu. Tunaomba tu tuuone."

Swali nimelipokea, dada yangu. Mkemia wetu atalifafanua kitaalamu.

(Mkemia anainuka, anatazama viatu vyake.) "Kile kichocheo kilifanya kazi, mama. Maabarani, kwenye chupa moja. Niliomba tujenge. Sijaitwa tena mpaka leo."

Ahsante kwa ufafanuzi huo wa kina.

(Mama mkwe anajikongoja hadi nyuma ya pazia la uzinduzi. Sauti yake inasikika.) "Huku ni nyasi tu. Na kizingiti changu."

Mama yetu ameshatangulia kukagua eneo. Huo ndio ushirikishwaji wa wadau. Basi tuseme pamoja: Kichocheo, juu! (Kimya.) Taka, sifuri! (Kimya.)

Kwa kumalizia, namshukuru aliyeshona pazia, kwani ndilo sehemu ya mradi iliyokamilika. Na zaidi nawashukuru ninyi majirani, maana bila nyumba zenu kubomolewa, leo tusingepata pa kupanga viti.