Kweri Ndani ya Tanki

Jumatatu, 13 Februari 2006

Siku nne zimebaki. Ijumaa Daktari Lenah atatoa barua ya ajira ya kudumu. Barua moja, makarani wawili: mimi na Jelagat. Jelagat haogopi kitu. Anakula chapati huku akipiga chapa. Mimi nikisikia tu jina langu likiitwa, nasimama wima kama mwanafunzi.

Tena Mama ameshatangaza kanisani kule Endebess kwamba mwanawe Kimaiyo ameandikwa kazi. Waumini walipiga makofi. Sijaandikwa! Niko majaribioni tangu Novemba. Nikikosa barua, sijui Mama ataingia kanisani kwa mlango upi.

Lakini nina skrini. Mradi wetu wa meno una gari-nyumba, zawadi ya marafiki wa ng'ambo. Lina kitanda, jiko, sinki, choo, na sasa kiti cha kung'olea meno. Kando ya usukani kuna skrini ndogo inayoonyesha maji ya tanki, betri, na baridi ya friji ya dawa. Imewekwa laini ya simu, na kila saa inatuma namba hizo Nairobi kwa Bwana Kagwe, mkubwa wa takwimu. Kwenye ombi langu la kazi niliandika kwamba nimesomea kompyuta. Basi skrini ni yangu. Ufunguo wa tanki ni wangu. Jelagat ameachiwa mafaili.

Leo tumejaza tanki kwa maji ya mkokoteni, maana kiangazi ni kikali na mifereji ya Tuwan, mtaa wetu hapa Kitale, imekauka. Nilisimama pale mpaka tone la mwisho. Skrini: maji 100. Bwana Kagwe akapiga simu kusifu. Jelagat akaniita Bwana Kompyuta. Nimeamua kuichukua kama sifa.

Ijumaa tunazindua huduma kule Sirisia. Chifu atang'olewa jino hadharani ili watu waache woga. Kila kitu kiko sawa. Mbona basi situlii?

Jumanne, 14 Februari

Maji 61!

Gari halijasogea. Hakuna aliyenawa hata kidole. Skrini imeharibika mikononi mwangu, siku tatu kabla ya barua.

Nimeizima na kuiwasha mara kumi na moja. 61. Nimeipangusa kwa spiriti. 61. Nimechomoa soketi tatu nyuma ya dashibodi na kuzirudisha kwa kufuata mchoro niliouchora mwenyewe. Maji bado 61, ila sasa betri ina baridi ya nyuzi nne na friji ina volti kumi na mbili.

Dereva wetu, Khisa, mtu wa Sirisia, alikuwa amejilaza kwenye kiti cha meno. Akafumbua jicho moja. "Kimaiyo bana, si ufungue tanki uchungurie tu?" Uchungurie! Watu wa Bungoma na r zao na l zao. Nikamweleza kwa upole kwamba mambo ya data hayachunguliwi. Akafumba jicho.

Saa sita Bwana Kagwe alipiga simu kuuliza maji yanakwenda wapi. Hapo nikapata wazo. Nikaichomoa ile laini ya simu. Skrini isiyo na laini haiwezi kunisema! Nikaificha ndani ya soksi. Saa saba Kagwe akampigia Daktari mwenyewe, akitaka kujua namba zimepotelea wapi. Nikasema ni Mlima Elgon, unaziba mtandao. Daktari akachungulia dirishani. Akasema mlima ulikuwa pale pale jana, na jana namba zilifika.

Laini nimeirudisha. Ina jasho kidogo.

Mwishowe nimempigia Fundi Barasa wa Bungoma, aliyeifunga skrini hii mara ya kwanza. Mtu mwema. Akasema hawezi kuutoza mradi uliomwondolea mama yake maumivu ya jino. Kesho tuje tu na karamu. Karamu! Nilijizuia kucheka. Wengine wangechanganyikiwa, lakini mimi nimesoma. Maskini, anataka kalamu. Nimemnunulia nne: buluu, nyeusi, nyekundu na kijani.

Nilipokuwa nikitoka, Ndung'u, mlinzi wetu, alikuwa akipalilia mboga zake za sukuma nyuma ya gari-nyumba. Ndiyo kitu pekee cha kijani Tuwan nzima.

Jumatano, 15 Februari

Maji 34. Lakini hilo si kubwa la leo.

Tulipofika Bungoma, Barasa alikuwa amevaa shati safi. Mbele ya gereji kulikuwa na meza, kitambaa, na sahani sita. Mkewe, Nabwile, alikuwa amesonga ugali wa kutosha harusi. Walikuwa wamealika majirani wawili na mzee wa kanisa. Wote wakatazama nyuma yangu, wakitafuta kuku.

Nikamkabidhi kalamu nne kwa mikono miwili.

Barasa akazipanga kwenye sahani, moja moja. Akauliza wageni wangependa kuanza na ipi. Mzee wa kanisa akasema yeye ataomba ile ya kijani, daktari wake amemwambia ale mboga. Khisa alicheka mpaka akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Alijua! Nikamuuliza mbona hakuniambia njiani. Akasema aliona niko na shughuri za data.

Kwa hiyo karamu ilikuwa karamu. Nilisahihisha palipokuwa sahihi. Nimeapa: kuanzia leo neno la fundi nitalichukua kama lilivyotoka kinywani, herufi kwa herufi.

Barasa alizirudisha soketi zangu mahali pake kwa dakika mbili. Kisha akaligonga tanki kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akaitazama skrini. "Hii skrini haina shida," akasema. "Inasema kweri." Akarudi mezani kula ugali wake mkavu.

Kweri. Nimeliandika palepale. K-w-e-r-i. Nimelitafuta kwenye kamusi, halimo. Bila shaka ni neno la ufundi. Skrini haina shida, shida ni kweri. Ningemuuliza zaidi, ila alikuwa ameshika kisu na hapakuwa na nyama ya kukata.

Alhamisi, 16 Februari

Maji 9.

Asubuhi mapema nimekwenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikamwandikia Bwana Kagwe barua pepe, nakala kwa Daktari. Nainakili hapa kwa sababu naona imeandikwa vizuri: "Baada ya uchunguzi wa kitaalamu, tumebaini kwamba kifaa kina kweri. Kweri hiyo imekuwa ikiongezeka tangu Jumanne. Naahidi kuiondoa yote kabla ya uzinduzi."

Alijibu baada ya nusu saa! Ati kweri anaifahamu sana, iliwahi kusumbua gari la mradi mwingine, na kwamba nisiionee huruma. Daktari naye akanipigapiga begani, akasema anapenda kijana anayejua anachofanya. Hakuna aliyeuliza kweri ni nini. Neno zuri ajabu. Ningelijua tangu Novemba!

Nilikuwa nimefungua kifuniko cha tanki nitafute mahali kweri ilipoingilia, Jelagat akaja na mpini wa ufagio. Hakuomba ruhusa. Akauchovya mpaka chini, akautoa. Umelowa ncha tu, kama kidole cha mtoto kilichoonja chai. Akasema tanki ni tupu. Nikamkumbusha kwamba tulilijaza Jumatatu mbele ya macho yangu. Nikamweleza pia kwamba mpini wa ufagio hauna betri, hauna laini, na haujasomea chochote. Akautia mpini kwapani. "Haya, Bwana Kompyuta." Akaenda zake. Ile haya sikuipenda.

Anautaka ufunguo wangu. Anaitaka barua yangu! Ndipo wazo likaja. Ndani ya tanki kuna kiboya kinachopanda na kushuka na maji. Ndicho kinachoiambia skrini namba. Basi kweri imo humo. Nimevua kamba ya kiatu cha kushoto, nikaingiza mkono, nikakifunga kiboya juu kabisa. Mkono haukulowa hata kidogo, jambo lililonisaidia sana kukaza fundo.

Nikafunga kifuniko kwa ufunguo. Skrini: maji 100!

Kweri imekwisha. Kagwe ametuma pongezi. Jelagat nilimwona akibeba kitu kizito kuelekea mlango wa nyuma wa gari, lakini sikumjali.

Ndung'u amenipa fungu kubwa la sukuma. Nimepika, nimekula. Laini, tamu. Nilimuuliza siri yake kiangazi hiki chote. Akasema, "Si wewe bwana karani unajua," akacheka. Mtu wa mafumbo.

Ijumaa, 17 Februari

Naandika nikiwa Sirisia, nyuma ya duka la mbolea, ambako hakuna anayenijua.

Umati ulikuwa mkubwa. Akina mama wa soko, wanafunzi, wazee na viti vyao. Chifu akapanda ndani, akakaa kwenye kiti, mlango ukaachwa wazi ili kila mtu aone. Daktari Lenah akamchoma sindano, akavuta. Jino likatoka! Makofi. Chifu akaonyesha kwa ishara anataka kusukutua.

Daktari akafungua mfereji wa sinki. Ukakohoa mara moja. Ukanyamaza.

Macho yote kwangu. Nikawatangazia kwa sauti, nikielekeza kidole kwenye skrini, kwamba maji yapo, tena ni 100. Chifu akasema jambo, mdomo umejaa damu na pamba. Hakuna aliyemwelewa isipokuwa Khisa, ambaye alitangazia umati kwamba Chifu anauliza kama asukutue na hiyo skrini.

Wakacheka mpaka vumbi likatimka. Mama mmoja muuza soda akampitishia Chifu chupa ya rangi ya machungwa. Akasukutua, akatema, akapiga mbweu kidogo. Lakini watu wa nyuma walikuwa wameanza kutoka kwenye foleni. Wakasema kama Chifu anasukutua na soda, wao watapewa chai.

Hapo Jelagat akavuta jerikeni mbili kutoka chini ya kitanda. Zimejaa. Alizijaza Kitale kwa maji ya mkokoteni. Foleni ikarudi. Watu thelathini na wanane walihudumiwa.

Daktari akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akafungua tanki, akaingiza mkono, akatoa kamba ya kiatu. Akatazama kiatu changu cha kushoto, kimeachama. Kisha akauliza, taratibu sana, kweri ni nini.

Nikajibu kwamba ni neno la kitaalamu, Fundi Barasa ndiye aliyelitumia.

Khisa akashika kichwa. "Daktari, ni kweri tu. Si kama ukweri? Barasa alisema skrini inasema kweri."

Nilihisi damu ikishuka mpaka kwenye kile kiatu kisicho na kamba. Nimemwahidi mkubwa wa Nairobi, kwa maandishi, kwamba nitauondoa ukweli wote. Na nikauondoa!

Jumamosi, 18 Februari

Yote yamejulikana. Chini ya tanki kuna mfereji mdogo wa kumwagia maji. Kila jioni Ndung'u alikuwa akikinga ndoo zake hapo, za sukuma. Daktari alipomkemea, alishangaa. Akasema aliomba ruhusa. Jumatatu alimuuliza bwana karani kama anaweza kuchukua maji kidogo ya gari, na bwana karani akasema ndiyo, bila kuinua macho kutoka kwenye skrini.

Sikumbuki. Lakini inafanana na mimi.

Barua amepewa Jelagat. Sikutaka kumwangalia. Hakunicheka, na hilo ndilo lililouma. Akanikatia nusu ya chapati, akasema nile, nimekonda wiki moja kama mgonjwa. Nikala.

Daktari aliniita peke yangu. Akasema alikuwa ameshaandika barua ya kuniachisha, akakumbuka kwamba mama yangu aliwahi kuja ofisini na maziwa kumshukuru, akashindwa kuitia sahihi. Nimepewa mwezi mmoja wa mwisho. Skrini nisiiguse. Kazi yangu ni kuhakikisha gari lina mafuta. Basi. Hata mtoto anaweza, akasema.

Nimempigia Mama. Nilikusudia kumwambia ukweli, nusu yake hivi. Lakini alipokea simu akiwa na mke wa mchungaji. Nikamwambia nimehamishiwa idara ya nishati. Kesho anatangaza.

Jumatatu, 20 Februari

Safari ya Lugulu, kupeleka vifaa kwenye hospitali ya misheni. Asubuhi njema, hewa baridi. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza. Kosa langu la wiki iliyopita nimeshalielewa: lilikuwa la matamshi. Wangekuwa wanatamka vizuri huko Bungoma, hakuna lolote lingetokea.

Kabla ya kutoka Kitale, Khisa alinionyesha mshale wa mafuta. Umelala chini kabisa. Akataka tupitie petroli kwanza. Nikamwambia hapana. Jumamosi nilisimama pale kwenye pampu, nikaona mafuta yakiingia kwa macho yangu mawili. Jelagat akasema kutoka nyuma kwamba jana Khisa alimpeleka Daktari Bungoma na kumrudisha. Nikamwambia kwa heshima kwamba idara hii si yake. Mshale ukishaonja soketi zangu za Jumanne, hauwezi kuaminika tena.

Tumepita Kamukuywa, gari likakohoa mara tatu, likasimama kwenye mteremko. Khisa ameshuka. Amechukua jerikeni, amekwenda kwa miguu. Daktari ameketi kwenye kiti cha meno, amefumba macho. Jelagat anamenya ndizi.

Nimefungua boneti. Nashuku waya.