Kalenda Iliyogeukia Ukuta

Nyuma ya stesheni ya reli,
Dire Dawa.
Tarehe 9 Megabit.

Kwa Ato Mhariri wa jarida la picha, Addis Ababa,

Pokea heshima zangu. Daktari amenihesabia siku, na katika kuhesabu hakufika sikukuu ya Fasika, kwa hiyo sitazunguka.

Uliniomba picha ya harusi ya zamani. Nikakutumia ya kwangu, ambamo mke wangu, Weizero Asnakech, ananilisha tonge mdomoni kwa mkono wa kulia, kama binadamu. Katika ukurasa wako wa kumi na nne ananilisha kwa mkono wa kushoto. Wanawake wa chama cha kuzikana wamelipitisha jarida nyumba kwa nyumba, na sasa akipeleka injera msibani wanautazama mkono kwanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilitii masharti yako yote, hata ya kipuuzi. Karatasi ya kung'aa, sentimita kumi na nane kwa ishirini na nne, ukingo mweupe pande zote. Madoa ya vumbi niliyaziba kwa brashi ya nywele tatu, siku mbili. Maelezo niliyapiga taipu kwenye karatasi ya pembeni, maana ulionya kwamba kalamu ikipita nyuma ya picha huacha kovu mbele. Picha iliyotoka kwangu haikuwa na kovu. Kovu mmelitia ninyi.

2. Barua yako ya kujitetea inasema herufi za kalenda iliyo ukutani nyuma yetu zilisomeka kinyumenyume, mkajua picha ilisafishwa ikiwa imegeuzwa, mkairudisha "sawa". Hongera kwa kujua kusoma. Kalenda ile ilitundikwa uso ukielekea ukuta kwa kuwa mwaka wake ulikwisha. Karatasi ilikuwa nyepesi, herufi zikatokeza kwa nyuma.

3. Mnasema vifungo vya koti langu vilikaa upande wa kike. Fundi wangu alikuwa Myemeni. Mtu anayesoma kuanzia kulia, ulitaka aanze kushona wapi?

4. Saa kwenye mkono wa kulia: nilikuwa nimechanjwa wa kushoto.

5. Nimepiga picha miaka hamsini na moja na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba karatasi yangu imesema uongo. Mkiachiwa, kesho mtaigeuza treni ya Jibuti ionekane inarudi ilikotoka, na mtaniletea kalenda kuwa ushahidi.

Kwa unyenyekevu, naomba toleo lijalo lirudishe mkono wa mke wangu mahali pake, pamoja na kuniomba radhi kwenye jalada. Hilo likiwashinda, kila nakala iambatane na kioo kidogo, na wasomaji waagizwe kuutazama ukurasa wa kumi na nne humo.

Nisalimie wachapaji, mfagizi, na hasa yule mwenye macho makali aliyeacha kumtazama bibi harusi akasoma kalenda.

Ni mimi ninayetangulia,
Wubshet Gebreyes, mpiga picha.

Nyongeza: Weizero Asnakech ameisoma barua hii nilipokuwa nikitafuta gundi ya bahasha. Hakucheka. Alisema, "Mzee wangu, mkono uliokulisha siku ile ndio unaokunywesha dawa leo. Ukiutaka wa kulia, kauombe kwenye picha."

Kalenda ilitundikwa vizuri. Fundi aliijua kazi yake. Sikuchanjwa. Siku ya harusi mama yangu aliuona mkono ule akageuza uso, na wiki ileile, katika chumba cha giza, nami nikaigeuza filamu. Miaka ilipopita, mama akawa anawaonyesha wageni picha hiyo na kuapa kwamba yeye alikuwepo, aliona kwa macho yake. Miaka arobaini na sita Asnakech amepita chini ya picha hiyo, na hakuwahi kuniuliza yule mwanamke ni nani.

Usisahihishe kitu. Nakutumia filamu yenyewe, nimekwangua alama kwenye upande wa kweli. Naweka kalamu chini. Kijiko kimefika mdomoni, na kimetoka kushoto.