Samaki ya Mutumbwi wa Kasiksi

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu 1969
Ajabu! Mvua imejaza mutumbwi wangu wa kukamulia ndizi za kasiksi, pombe yetu, nyuma ya nyumba. Leo naangalia ndani: samaki! Vidogo kama punje za mtama, vinachezesha mikia. Mamia! Mimi niliyeshika kambare kubwa kuliko katekista, Mungu ananijua. Vikikomaa, soko lote la Kitshanga litanukia samaki ya Damien. Muke wangu Anastasie akauliza samaki ilipanda mulima namna gani. Nikamwambia anyamaze, mimi nilifika mwaka wa tatu wa masomo. Karibu nifike.

Jumanne, tarehe 4
Muganga Athanase wa dispansere alifika. Ati mbu anazaa mu maji yaliyotulia, anauma mugonjwa wa malaria, kisha anapelekea muzima ile homa. Kila muntu amwage maji yake. Atachagua kapita wa mbu, musimamizi wa kazi hiyo, mwenye kofia ya kaki! Jirani yangu Honoré akasimama mbele, ametoa kifua. Ile kofia ni yangu, tutaona!

Alhamisi, tarehe 6
Nimemwaga maji ya nyungu kumi na tisa za majirani! Mama Emérita akanifukuza na mwiko, ati yake ilikuwa maji ya kunywa. Vita ni vita. Mutumbwi wangu nimeufunika na majani ya migomba. Athanase alisema maji, hakusema samaki.

Ijumaa, tarehe 14
Mwizi! Samaki yote imepotea! Ni Honoré tu. Tena mbu wamekuwa wengi huku kwetu. Wanatoka kwake, bila shaka.

Jumamosi, tarehe 29
Anastasie iko anatetemeka tangu jana, mwili moto. Niliogopa kweli. Nikamubeba mugongoni mpaka dispansere, kilometa mbili (nitasimulia kumi). Athanase akamupa kinini, kisha akakuja kukagua kwetu. Akafunua majani ya mutumbwi. Vidogo vimejaa tena! Nikapiga kelele kwamba samaki yangu imerudi. Akaniambia, Papa Damien, hawa ni watoto ya mbu, umewafuga karibu na kitanda cha muke wako. Honoré akacheka mpaka akakaa chini. Athanase akapindua mutumbwi. Kofia akapewa Honoré!

Jumapili, tarehe 30
Anastasie amekunywa uji. Asante Mungu! Amesema nikifuga tena maji, anarudi kwao Kalembe. Nimeapa mbele ya musalaba.
Lakini jana, wakati Honoré alicheka, niliwahi kuchota vidogo thelathini. Viko mu nyungu, chini ya kitanda cha Anastasie, pahali pa joto. Huku Honoré hafiki. Na vikipotea tena, basi niko muntu wa kwanza wa kijiji chetu Kashebere kufuga samaki inayoruka!