Damu ya Wageni Wangu

Jumapili, 2 Novemba
Rawya wangu hali, halali. Utafiti wake wa udaktari unataka damu ya wanawake wenye afya wa rika langu, na waliojitokeza chuoni ni wachache. Zamu yake ya ile mashine kubwa ya maabara ni Alhamisi. Ikimpita, angoje mpaka mwakani, na masomo yenyewe yataning'inia. Nimemwambia niachie mimi mama yako. Akasisitiza nitakaowaita nyumbani waje na njaa, wanywe maji tu. Nikaitikia.
Mama Shadi wa ghorofa ya juu amesikia. Anasema atakusanya wanawake wengi kuliko mimi. Tutaona.

Jumatatu, 3 Novemba
Nimemshinda. Sebule ilijaa alfajiri. Yeye kaja peke yake, ati watu wake wamelala. Lakini watu wamevua viatu, wamekaa kwangu, nami niwatazame tu? Hapa Tanta, kama Misri nzima, mgeni hatoki na midomo mikavu. Kabla Rawya hajaja kuwatoa damu, nikatoa mikate ya fatiri iliyojaa samli, asali na malai ya maziwa. Nikawaambia hiki si chakula, ni cha kushikiza roho. Mama Shadi alishikiza roho mara tatu.

Jumanne, 4 Novemba
Rawya karudi, uso umemshuka. Ana vichembe vya chuma, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Huvitia kwenye maji ya damu, vikanasa vipande vya protini, kisha sumaku huvivuta pembeni na mengine humwagwa. Vile vipande ndivyo mashine inavyovipima uzito. Leo maji ya damu yalikuwa meupe kama maziwa. Vichembe vikagandana na mafuta, bonge moja.
Akapanda kwa Mama Shadi kuuliza nani alikula. Huyo, mkono kifuani: mwanangu, mimi nililazimishwa na mama yako, na hata chumvi ilipungua.
Chumvi.
Nililia. Rawya akanibusu kichwa. Basi mama'ngu, kesho walete tena, ila jiko ulifunge.

Jumatano, 5 Novemba
Nimelifunga, ufunguo kauchukua Rawya. Wageni na bilauri za maji. Aibu gani hii. Mama Shadi akashusha pumzi, akasema hata matangani mtu hupewa kahawa. Nikawaongezea maji. Damu ikatoka safi.

Alhamisi, 6 Novemba
Mashine imekubali. Rawya kanipigia simu anacheka huku analia, vipande vimejitokeza kwenye kioo cha kompyuta kama vilele vya milima. Mkuu wake kampongeza. Kamwambia wiki ijayo alete wanaume, awalinganishe na sisi. Wenye njaa vilevile.
Nimelifikiria sana. Mwanamke hustahimili, mwanamume ukimtoa damu akiwa na njaa ataanguka. Samli siwapi, nimekoma. Nitaroweka maharage tu. Hayo mepesi, juu yake mafuta ya ufuta kidogo, na yai. Mama Shadi ataleta jibini.